Bao la Nyumbani: Litengeneze, Lifundishe, Licheze

Watu wengi wanalijua bao kwa kulitazama tu. Wamewaona wazee barazani, wamesikia kete zikigonga ubao, kisha wakapita. Ukiwauliza mbona hawachezi, watakwambia mchezo ni mgumu na hakuna wa kuwafundisha. Wana haki kiasi. Bao la kiswahili lina sheria zilizofungamana, na wajuzi hucheza kwa kasi ambayo mgeni haimpi nafasi ya kuona kete zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu nzima katika miaka ya 1990 kuhusu ubingwa wa bao, akiwafuatilia mabingwa wa Zanzibar. Mchezo wa namna hiyo hauokotwi kwa kusimama pembeni ya baraza dakika kumi.

Ila una mlango wake, nao ni bao la kujifunza. Ubao ni uleule na kete ni zilezile, sheria tu ndizo chache. Mtoto anayeweza kuhesabu hadi 20 analiweza, na mtu mzima asiyewahi kushika kete hulielewa jioni moja. Kosa la wazazi na walimu wengi ni kuruka mlango huu na kumtupa mwanafunzi moja kwa moja kwenye bao la kiswahili. Siku ya tatu mwanafunzi haonekani tena. Mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua: kwanza ubao, kisha mkono, kisha kula, na mwisho bao lenyewe.

Jambo moja kabla hatujaanza. Barazani utawakuta zaidi wanaume, lakini hakuna sheria hata moja ya bao inayomtaka mchezaji awe mwanamume. Nyumbani wafundishe wote, wasichana kwa wavulana, na bibi naye mkaribishe.

Kutengeneza ubao

Bao lina mistari minne ya mashimo manane, jumla mashimo 32. Mistari miwili iliyo karibu nawe ni yako, miwili ya upande wa pili ni ya mwenzako. Usingoje fedha za kununua bao la mninga. Anza na trei za mayai, ukiona mchezo umekolea nyumbani ndipo umtafute fundi.

Trei ya kawaida ya mayai 30 ina mashimo matano kwa sita. Moja haitoshi, mbili zinatosha.

1. Chagua trei mbili zisizo na madoa ya yai lililovunjika. Yai bichi huweza kubeba vimelea vya kuharisha, na trei ya karatasi haioshwi ikatakata. Yenye doa itupe. Ya plastiki ioshe kwa sabuni na uikaushe.
2. Zianike trei za karatasi juani mchana mzima.
3. Kwa mkasi au kisu kikali, kata kila trei ubaki na kipande cha mashimo manne kwa manne.
4. Viweke vipande viwili ubavu kwa ubavu juu ya boksi gumu. Sasa una mistari minne ya mashimo manane.
5. Gundisha kwa gundi ya mbao au uji mzito wa ngano, kisha uweke kitu kizito juu yake hadi asubuhi.
6. Chora mstari wa rangi katikati, kati ya mistari yako miwili na miwili ya mwenzako. Usiuache mstari huu: wanaoanza husahau mpaka wao uko wapi na kusambaza kete kwenye mashimo ya jirani.
7. Weka alama ya mraba kwenye shimo la tano la mstari wa mbele, ukihesabu kutoka kushoto kwako. Zungusha ubao ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Hizo ndizo nyumba. Utazihitaji baadaye.

Mkiwa shambani au ufukweni, chimbeni mashimo chini. Hayagharimu kitu, na watoto hupenda kuyachimba kuliko hata kucheza.

Ukiamua kumpa fundi kazi, mpe vipimo, usimwambie tu "nitengenezee bao". Mashimo yenye upana wa sentimita 6 na nafasi ya sentimita moja na nusu kati yake yanahitaji ubao wa takriban sentimita 62 kwa 32. Unene usipungue sentimita 4, ili shimo lichimbwe sentimita 2 na nusu bila kutoboka. Mninga na mvule hudumu, na mwembe ni rahisi kuchonga ila usiuache mvuani. Sisitiza mashimo yapigwe msasa hadi ndani kabisa. Shimo lenye makovu ya patasi hung'ang'ania kete na kuukwaruza mkono, na utalijutia kila unapocheza.

Kete

Kete za asili ni komwe, mbegu za kijivu, ngumu, za mviringo, zinazotokana na mti wa mkomwe unaoota karibu na pwani. Zinateleza vizuri mkononi na hazichakai. Ukienda kuzichuma vaa glovu au tumia kijiti, maana mti una miiba na maganda yake pia yana miiba. Unahitaji 64. Okota 70, kwa sababu zitapotea. Zilinganishe ukubwa, usichanganye kubwa na ndogo.

Kwa ubao wa trei komwe ni kubwa mno, hasa shimo likishajaa. Tumia maharage makavu, punje za mahindi au vifungo vya nguo.

> Tahadhari
> • Usitumie mbegu za mnyonyo wala zile nyekundu zenye doa jeusi ziitwazo turituri. Zote mbili zina sumu kali, na mtoto akizitafuna ni hatari kwa maisha yake.
> • Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asikaribie kete za aina yoyote. Zinaweza kumkaba kooni.
> • Zihesabu kete kila mnapomaliza. Zikipungua 64, itafuteni iliyopotea kabla ya kulala.

Majina manne ya kujua kwanza

Mengine yatakuja yenyewe. Manne haya mfundishe mwanafunzi siku ya kwanza kwa kidole, akiyagusa mashimo yenyewe:

- Mbele: mstari wako unaotazamana na wa mwenzako. Kete za hapa ndizo zinazoliwa.
- Nyuma: mstari ulio karibu na kifua chako. Kete za nyuma haziliwi.
- Kichwa: shimo la mwisho la mbele, la kushoto na la kulia.
- Kimbi: mashimo mawili ya mwisho kila upande wa mbele, kichwa kikiwemo. Kwa hiyo la 1 na la 2 ni kimbi cha kushoto, la 7 na la 8 ni kimbi cha kulia.

Katika mwongozo huu wote nayapa mashimo ya mbele namba 1 hadi 8, kutoka kushoto kwako.

Somo la kwanza: mkono

Usianze na mpinzani. Anza na mkono, kwa sababu mwanafunzi ambaye bado anahangaika na kusambaza kete hana nafasi kichwani ya kufikiria kula. Mweke peke yake na upande wake tu, kila shimo kete 2.

Kusambaza ni hivi: chota kete zote za shimo moja, kisha dondosha moja moja katika mashimo yanayofuata. Ukianza kwenda kulia, utapita mbele hadi la 8, utashuka nyuma, utarudi kushoto, utapanda tena la 1. Huvuki kwenda kwa mwenzako. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, chota zote, pamoja na hiyo uliyoiweka, uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Zamu imekwisha.

Mpe zoezi hili:

1. Kila shimo kati ya mashimo yako 16 liwe na kete 2.
2. Chota shimo la 1 la mbele, sambaza kwenda kulia.
3. Endelea hadi ulale.

Akifanya sawasawa atachota mara saba, ikiwemo ile ya kuanzia, na kete ya mwisho itaangukia shimo la 6 la mbele. La 4 na la 5 yatakuwa na kete 4 kila moja, na upande mzima utakuwa na mashimo manne matupu. Akipata tofauti, arudie. Hapo ndipo utaona kosa lake liko wapi. Wengi hukosea kwenye kona, wanaposhuka kutoka shimo la 8 la mbele kwenda nyuma: wanaruka shimo moja au wanadondosha mbili mahali pamoja. Mrudishe kwenye kona hiyo hadi mkono uzoee. Usikimbilie somo la pili.

Somo la pili: kula

Sasa kaeni wawili, kila shimo kete 2 pande zote, jumla 64. Hili ndilo bao la kujifunza, na sheria zake ni hizi:

1. Anza na shimo lako lolote, la mbele au la nyuma, lenye kete 2 au zaidi. Kete moja haianzi zamu. Chagua kwenda kulia au kushoto.
2. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalolikabili nalo lina kete, unakula. Chukua kete zote za shimo hilo la mwenzako.
3. Kete ulizokula huziweki mfukoni. Unazisambaza upande wako, kuanzia kichwani. Kama ulikuwa unakwenda kulia, anzia kichwa cha kushoto, na kama ulikuwa unakwenda kushoto, anzia cha kulia. Ndivyo mwelekeo wako unavyobaki uleule.
4. Ukila kutoka kwenye kimbi, kimbi ndicho kinachoamua. Kimbi cha kushoto kinakulazimisha uanzie kichwa cha kushoto, cha kulia kinakulazimisha uanzie kichwa cha kulia, hata kama mwelekeo utageuka.
5. Ukiendelea ukapata kula tena, kula. Ukiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula mkabala, chota uendelee. Ukiangukia tupu, umelala.
6. Kula ni lazima. Ukiwa na njia ya kula huruhusiwi kucheza nyingine, ila zikiwepo njia kadhaa unachagua.
7. Mchoto wa kwanza wa zamu usipoweza kula, zamu hiyo ni ya kutakasa: unasambaza tu hadi ulale, huli hata ukipita mahali pa kula. Kutakasa huanzia mstari wa mbele. Nyuma huanziwa pale tu mbele hapana shimo lenye kete 2 au zaidi.
8. Shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzisha kula.

Sheria ya 3 na ya 4 ndizo zinazowachanganya watu. Usizieleze kwa maneno matupu. Panga ubao, cheza zamu ifuatayo polepole, mwanafunzi akitazama.

> Zamu moja, kete kwa kete
> Kila shimo lina kete 2. Unaanza wewe.
> • Chota la 3 kwenda kulia. La 4 linapata 3, la 5 linapata 3. Kete ya mwisho iko la 5, na mkabala wake kuna kete 2. Kula.
> • Ulikuwa unakwenda kulia, na la 5 si kimbi. Anzia kichwa cha kushoto: la 1 linapata 3, la 2 linapata 3. Mkabala wa la 2 kuna kete 2. Kula tena.
> • La 2 ni kimbi cha kushoto, basi anzia tena la 1: la 1 linapata 4, la 2 linapata 4. Mkabala wa la 2 sasa ni patupu, umeshapala. Hakuna cha kula, kwa hiyo chota 4 za la 2 uendelee kulia.
> • La 3, lililokuwa tupu, linapata 1. La 4 linapata 4, la 5 linapata 4, la 6 linapata 3. Mkabala wa la 6 kuna 2. Kula.
> • Anzia la 1: linapata 5. La 2, ulilolichota punde, linapata 1. Lilikuwa tupu. Umelala.
> Mbele yako sasa: 5, 1, 1, 4, 4, 3, 2, 2. Umekula kete 6. Una 38, mwenzako ana 26.

Mwache mwanafunzi arudie zamu hii mwenyewe hadi mbele yake isomeke hivyo hivyo. Kisha mwulize: ingekuwaje ungeanza na la 4? Mwache ajaribu. Swali moja la namna hii lina faida kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Mchezo unakwisha mbele ya mmoja ikibaki tupu kabisa, hata kama nyuma amejaza kete. Unakwisha pia mtu akibaki na mashimo ya kete moja moja tu, hana la kuanzia. Huyo amefungwa.

Makosa ya wanaoanza

Kosa kubwa ni kufukuzia mlo mkubwa bila kuangalia unaacha nini. Kabla ya kushika kete, tazama ubao kwa jicho la mwenzako: baada ya zamu hii, ataweza kunila wapi? Kete zinazorundikana katika shimo moja la mbele ni karamu ya mpinzani. Mchezaji mwenye busara huzipeleka nyuma, mahali pasipoliwa, na kuzirudisha mbele kwa wakati wake.

Kosa la pili ni kuhesabu kwa kuzigusa. Ukishagusa, umeshamwonyesha mwenzako unachowaza. Mwanafunzi mchanga mruhusu ahesabu kwa kidole hewani. Akishazoea, macho yatoshe.

Liko pia kosa la mwalimu, nalo ndilo linaloua mchezo: kuchota kete kwa niaba ya mtoto. Akikosea, mwambie "rudisha", umngoje. Usimnyang'anye kete mkononi. Na usimwachie ashinde makusudi, atajua. Ukitaka kumsaidia, mpe yeye kuanza kila mchezo.

Kutoka kujifunza kwenda bao la kiswahili

Anayemaliza michezo kadhaa ya kujifunza bila kuuliza sheria yuko tayari. Tofauti kubwa ni mwanzo. Katika bao la kiswahili kete nyingi huanzia mkononi, na kipindi cha kuziingiza kinaitwa namua.

1. Kila mchezaji aweke kete 6 katika nyumba, yaani shimo la 5. La 6 na la 7 yapate 2 kila moja. Kete 22 zinabaki mkononi.
2. Kila zamu, ingiza kete moja katika shimo lako la mbele lenye kete. Mkabala pakiwa na kete, unakula, na unachagua kichwa cha kuanzia, isipokuwa kimbi kikikulazimisha.
3. Usipoweza kula, ingiza kete moja, chota shimo hilo, utakase. Usiichote nyumba maadamu una shimo jingine la mbele lenye kete. Aliyeanza mchezo hutakasa, kwa kuwa mwanzoni kete za wawili hazikabiliani.
4. Kete ya mwisho ikiangukia nyumba yako ambayo bado ina kete 6 au zaidi, na hakuna cha kula mkabala, katika zamu ya kula una hiari: ulale hapo, au uchote zote usafiri. Ukishasafiri nyumba hiyo imekwisha, ni shimo kama mengine. Katika zamu ya kutakasa unalala tu.
5. Kete za mkononi zikiisha pande zote, mnaingia kipindi kiitwacho mtaji. Kuanzia hapo mnacheza kama mlivyojifunza.

Uamuzi wa kulala au kusafiri ndio utamu wa bao. Anayeanza husafiri mapema kwa sababu nyumba iliyojaa inamshawishi. Ushauri wangu: chunga nyumba maadamu mwenzako hawezi kuila kwenye zamu inayofuata. Ukiona imeshatishiwa na huna njia ya kuiokoa, hapo safiri bila kusita. Nyumba ikiliwa imesheheni, mchezo mara nyingi umeamuliwa.

Kabla ya kukaa, hakikisha:

☐ Kete ni 64, zimehesabiwa.
☐ Mstari wa katikati unaonekana.
☐ Mmekubaliana: kujifunza au kiswahili.
☐ Mmekubaliana kete ikishaachwa shimoni hairudishwi.
☐ Watazamaji wameambiwa wasinong'one hesabu.

Sheria ndogondogo hutofautiana mahali na mahali, hasa zinazohusu nyumba na kutakasa. Ukikaa na mtu wa mtaa mwingine, ulizaneni kabla ya kete ya kwanza, msigombane katikati.

Na mwanafunzi wako akishamaliza bao la kiswahili bila kusaidiwa, usimfungie nyumbani. Mpeleke barazani, wasalimieni wazee, waombeni zamu moja. Atafungwa, na pengine haraka. Mwache afungwe, kisha mrudishe kesho yake.